Hamadi, usitoe pesa kabla hujalala chini ya hiyo tuktuk

Utawala, Nairobi

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai hapo Kisauni, Mombasa, hamjambo nyote, na mguu wa Mama umepata nafuu. Picha za tuktuk nimeziona. Inapendeza, sikatai: rangi mpya, viti vimeshonwa upya, turubai linang'aa. Lakini wewe umeniuliza kama uinunue uje kubebea abiria huku Nairobi, na picha zote ulizotuma ni za juu. Juu ya tuktuk ni kazi ya fundi wa rangi. Mimi nataka kujua chini kukoje.

Gari lililoishi Mombasa limekula chumvi, wewe unajua hata mabati ya nyumba zenu yanavyokwisha. Na tuktuk haina chasi nzito kama ya lori. Ni bati lililokunjwa na kuchomelewa, na bati hilo ndilo linalobeba injini, abiria na dereva. Kwa hiyo nenda na tochi na bisibisi, mwambie mwenye mali unataka kulala chini. Gonga sakafu pale dereva anapokanyagia. Gonga pale mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikana na bodi. Halafu shingo inayoshika usukani, hiyo usiiruke. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinatoa sauti ya kitu chenye maji na bisibisi inazama. Ukikuta weldi mpya imefunikwa rangi nene nyeusi, muulize iligongwa wapi. Akipandisha sauti, umeshajibiwa.

Ukiwa hapo hapo chini, tazama ndani ya matairi yote matatu kama mafuta ya breki yanavuja. Kisha simama mbele, shika usukani uutikise bila kuzungusha gurudumu. Ukicheza kabla gurudumu halijasogea, kuna bushi au bearingi zimekwisha. Jaribu breki ukiwa barabara tupu: ikivuta upande mmoja kwenye gari la miguu mitatu, hilo si jambo la kusema utarekebisha baadaye.

Injini hainisumbui sana. Hizo za Bajaj za silinda moja, cc kama 200, mafundi wa Kirinyaga Road wanazifungua hata stima ikipotea, na spea zimejaa. Injini iliyochoka inafufuliwa. Bodi iliyooza utaishonea viraka mpaka uchoke wewe. Ila ujue kwamba nyinyi mko usawa wa bahari na sisi tuko mita 1,700 hivi juu. Huku hewa ni nyepesi. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ikiwa imesetiwa Mombasa itamwaga petroli kuliko hewa inayoingia, plagi itakuwa nyeusi na tuktuk itakohoa ukianza kupanda. Fundi ataiseti kwa muda mfupi tu, lakini nguvu yote hutaipata tena, maana injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo usipige hesabu ya biashara yako ya huku kwa jinsi ilivyokuwa ikikimbia daraja la Nyali.

Na lile wazo la kuiendesha mwenyewe mpaka Nairobi, tafadhali liache hapo hapo ulipolipata. Ni karibu kilomita 480 katikati ya matrela, na upepo wa trela likikupita unatosha kukutoa barabarani. Nenda soko la Kongowea utafute kanta, yaani lori dogo, iliyoleta viazi, inayorudi huku tupu. Mtaelewana bei.

Sasa jambo la roho za watu. Wengi hudhani tuktuk ni gari dogo. Chora mchangani uone: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, halafu yaunganishe kwa mistari. Uzito ukibaki ndani ya ile pembetatu, umesimama. Ukivuka mstari, umelala. Nyuma pembetatu ni pana, mbele inachongoka. Ukikata kona, uzito unasukumwa kando. Ukishika breki ukiwa bado ndani ya kona, unasukumwa na mbele pia, yaani pale pale palipo pembamba. Hapo ndipo gurudumu la nyuma la upande wa ndani linapoinuka. Ndiyo maana dereva anayejua kazi hupunguza mwendo kabla ya kona, anaachia breki, kisha anakata.

Mwezi uliopita niliona moja ikilala hapa kwenye kona ya kuingia steji, na haikuwa mbio hata kidogo. Dereva alikuwa amebeba watatu nyuma, na wawili wengine amewabana kwenye kiti chake mwenyewe, kulia na kushoto. Boda ikamkatia, akakanyaga breki usukani ukiwa umekunjwa. Ikaenda ubavu polepole, unaona kabisa inakwenda. Mama aliyekuwa nyuma alinyoosha mkono nje kujizuia, kama mtu yeyote angefanya, na fremu ikamkalia kiganja. Watu tuliiinua kwa mikono, maana ni nyepesi, lakini kiganja kilikuwa kimeshapondeka.

Kwa hiyo, abiria ni watatu, nyuma, basi. Wale wa mbele huleta uzito kwenye ncha ya pembetatu na pia hukuzuia viwiko usiweze kugeuza usukani. Steji watakucheka kwamba unaacha pesa. Wacha wacheke. Upande wa kulia, wa magari yanayokupita, uzibe kwa chuma mpaka usawa wa bega la mtu aliyeketi. Watu wapande na kushuka kushoto tu. Mizigo isipande juu ya paa, hata kama ni godoro. Tuktuk iko wazi ubavuni, na mikanda hamna, hivyo kinachomlinda abiria ni kubaki ndani.

Barabara zetu unazijua kwa kusimuliwa. Gari likikuta shimo, dereva huliweka katikati ya magurudumu akapita. Wewe katikati yako kuna gurudumu, na tena lile la usukani. Mashimo ya huku baada ya mvua hufichwa na maji, na matuta mengine hayana rangi wala alama.

Usiku ndio unanitisha zaidi. Taa ya nyuma ya tuktuk ni ndogo, na ikiungua dereva hajui. Hapa Eastern Bypass malori ya mchanga hayalali. Bandika rifleka nyekundu nyuma, pana, pande zote mbili, sio kile kipande kimoja cha kumridhisha askari wa trafiki. Ile barabara ya juu ya Expressway hamruhusiwi kabisa, kwa hiyo hesabu yako ya abiria wa uwanja wa ndege wanaotaka kupitia huko, ifute.

Usije ukanijibu kwamba basi utachukua Qute, ile ya Bajaj ya magurudumu manne. Konani imetulia zaidi, nakubali. Lakini Euro NCAP, wale wapima usalama wa magari wa Ulaya, waliigongesha mwaka 2016 wakaipa nyota moja kati ya tano, na hiyo ina milango.

Karatasi nitazipitia haraka kwa sababu wewe ni mtu wa ofisi. Namba ya chasi na ya injini uzisome kwenye chuma chenyewe, sio kwenye simu ya broka, uzilinganishe na logibuku, ile hati ya umiliki wa gari. Fanya utafutaji kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama jina la mkopeshaji limo kwenye logibuku, tuktuk hiyo bado ina deni na muuzaji hawezi kukuhamishia mpaka mkopeshaji akubali. Muuzaji ndiye anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Akikwambia utaendelea kutumia jina lake kwanza, ondoka. Leseni unayohitaji ni ya daraja la A3, ile ile ya pikipiki za biashara. Na bima iwe ya kubeba abiria. Ukikata ya binafsi ili upunguze gharama, siku ya ajali utalipa mwenyewe.

Bei aliyokutajia naiona juu kidogo kwa gari la pwani, lakini siwezi kusema neno kabla sijaona sakafu. Jumamosi nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Piga picha za chini, unitumie. Akikukataza kulala chini, usibishane naye. Hapa Kariobangi kuna mbili zinauzwa ambazo nazijua tangu zikiwa mpya, na mojawapo mwenyewe anahitaji karo kabla ya shule kufunguliwa.

Msalimie Mama, mwambie ile dawa ya kuchua nimemtumia kwa basi la jana usiku.

Wako,
Kilonzo