Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Gemu

Ndugu wanachama, habari zenu. Mwaka huu tumekaa vikao vinne, tumetoa trela mpya, ikoni ya gemu tumebadilisha mara mbili, mnayajua hayo yote siyarudii. Niende kwenye Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha hela tulikofanyia kampeni ya gemu yetu, maana naona ndo inawawasha.

Maneno yamekuwa mengi, eti "hela za kampeni ziko wapi". Jamani. Kule ukikosa lengo hupati hata senti, na mchangiaji hakatwi kitu kwenye kadi yake mpaka siku ziishe na lengo liwe limetimia. Sisi siku 30 zimeisha tuko asilimia 61, basi, sasa nimekula hela gani ambayo haijakatwa kwa mtu? Na akaunti ilikuwa ya mwenzetu aliyeko Ujerumani kwa sababu Kickstarter hawaruhusu watu wa kila nchi kuanzisha mradi, nilieleza kikaoni, ila kikao chenyewe tulikuwa 7 kati ya 34 na wawili kamera wamezima, sijui hata kama walikuwepo.

Wengine mnasema bora tungechukua lile dili la pablisha, yaani kampuni ya kugharamia na kuuza gemu. Mimi ndo nililikataa, na likija lilelile leo nalikataa tena. Mkataba niliusoma mara tatu, usiku, peke yangu. Wanatoa hela ya kuanzia, halafu mauzo yote yanaenda kwao mpaka hela hiyo irudi, na matangazo watakayolipia yanaingia kwenye deni hilohilo, na haki za gemu na wahusika wake zinakuwa zao. Yaani mngekaa mnasubiri mgao wa gemu ambayo si yenu tena. Walionitukana hakuna hata mmoja aliyeomba kuusoma huo mkataba.

Halafu hili la majaribio ndo liliniuma. Google Play wanataka akaunti mpya ya mtu binafsi iwe na watu 12 wanaojaribu gemu siku 14 mfululizo ndo uombe kuitoa. Wanachama 34, tukakosa 12! Mtu anaingia Jumatatu, anaandika "gemu kali sana", Alhamisi kajitoa, tunaanza kuhesabu upya. Mwishowe nikasajili simu ya mama mkwe, na amefika levo ya 9 ambayo wengi wenu hamjaiona.

Ada wamelipa 11. Dola 99 za Apple za kila mwaka na dola 25 za Google za kujisajili, ili turuhusiwe kuweka gemu kwao, nimetoa mfukoni mwangu, risiti ninazo. Linki ya kampeni wameshea watu 5, nikiwemo mimi.

Mwakani tunategemea kujaribu tena kwa lengo dogo zaidi, na kuomba ruzuku ikitokea, tutaona. Anayeutaka uenyekiti aje, nywila zote namkabidhi siku hiyohiyo, ila kwanza alipe ada yake.