Fedha za gari kuukuu ziishie kwenye chuma, si kwenye rangi

MHARIRI,

Nilisoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu magari ya zamani yanayong'arishwa na kupelekwa kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na ingawa picha zilinifurahisha, ilinikera ile kauli kwamba asiye na mamilioni asithubutu kugusa gari la aina hiyo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Buruburu, na kwa miaka minne na ushei nimekuwa nikilifufua Ford Capri la injini ya lita 3 katika ua ambao hauniruhusu kufungua milango yote miwili kwa wakati mmoja. Pensheni yangu si ya kujivunia. Ninavyoona mimi, kinachowafilisi wengi ni kuanzia kazi mahali inapopaswa kuishia, yaani kwenye rangi.

Kwa vijana ambao hawakuyaona magari haya barabarani, mtindo wenyewe, wa gari la kawaida kupewa injini kubwa na sura ya kimichezo, ulitoka Marekani, ambako mwaka 1964 Pontiac iliweka injini ya lita 6.4 ndani ya gari la wastani na kuliita GTO, na mwaka huohuo Ford ikatoa Mustang. Ulaya ilipata la kwake mwaka 1969, nalo ndilo Capri. Hapa kwetu Mustang la enzi hizo ni nadra, maana usukani wake uko kushoto, ilhali Capri liliuzwa pia Uingereza na hivyo likapatikana likiwa na usukani wa kulia. (Wanaodhani ukubwa wa injini ndio kila kitu wakumbuke Safari Rally ya 1964: Wamarekani walileta magari yao ya Mercury Comet, na ushindi ukachukuliwa na Peter Hughes katika Ford Cortina GT, gari dogo la familia.)

Kosa nililolitaja nililifanya mwenyewe. Nililinunua gari hili kutoka kwa familia moja ya Ngara, ambako lilikuwa limelala chini ya mjakaranda kwa zaidi ya miaka kumi, maua na majani yakijazana kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele mpaka matundu ya kupitishia maji yakaziba. Badala ya kulichunguza, nililipeleka moja kwa moja kwa fundi wa rangi, nikamlipa shilingi 60,000, na kwa miezi mitatu nikatembea mtaani kifua mbele. Mvua za masika zilipokolea, rangi ilianza kuvimba juu ya fenda za mbele kama chapati kwenye kikaango. Nilichukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaifunga kitambaa isikwaruze, nikaipitisha polepole juu ya bodi. Penye chuma ilinasa, lakini kwenye vizingiti vya milango na juu ya magurudumu ya mbele iliteleza ikaanguka kana kwamba nimeiweka juu ya ubao. Nilipochokonoa kwa bisibisi, puti, ile lipu ambayo mafundi huzibia mashimo ya bodi, ilibanduka vipande vinene kama kidole, na nyuma yake nikakuta karatasi iliyoviringishwa na kushindiliwa ndani ya tundu. Lilikuwa gazeti, Bwana Mhariri, na nashuku lilikuwa lenu, kwa kuwa niliweza bado kusoma nusu ya kichwa cha habari za kandanda, tena kwa Kiswahili.

Sehemu hizo si za urembo. Capri halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo chasisi, na pale juu ya magurudumu ya mbele ndipo vichwa vya shokamzoba hufungwa kwa bolti, hivi kwamba kutu ikishapalegeza, hakuna rangi duniani itakayolizuia gurudumu kupanda ndani ya boneti siku utakapokutana na shimo la Jogoo Road. Ilibidi kila kitu kikatwe. Nilipima kila tundu kwa katoni, nikakata mabati kwa kufuata vielelezo hivyo, kisha nikamwalika fundi wa kuchomelea kutoka Kariobangi aje na mashine yake, nikimlipa kwa siku na kukaa naye bega kwa bega hadi jioni. Kwa njia hiyo alifanya kazi ya fundi tu, na kazi ya kibarua ikabaki kwangu, jambo ambalo lilipunguza gharama kuliko ujanja mwingine wowote nilioujaribu. Kitu kimoja sikumruhusu akiguse, nacho ni tangi la petroli, kwa sababu tangi tunaloliita tupu limejaa mvuke, na mvuke huo ndio unaolipuka.

Vipande vidogo vilivyoshikwa na kutu, kama vile bawaba, mabano na vichwa vya bolti, nilivisafisha kwa magadi yaleyale ambayo akina mama hulainishia maharagwe. Unajaza maji kwenye ndoo ya plastiki, unakoroga kijiko kimoja kikubwa cha magadi kwa kila lita nne, unaning'iniza kipande chako katikati, kisha unaunganisha waya hasi wa chaja ya betri kwenye kipande hicho na waya chanya kwenye chuma kingine kisicho na thamani, bila kuviacha vigusane. Baada ya usiku mmoja maji huwa mekundu kama udongo wa Kiambu na kutu hutoka kwa kusuguliwa kwa brashi tu. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na moto, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni, na chuma cha upande wa chanya kisiwe kile kisichoshika kutu, ambacho huacha sumu majini. Kipande kikitoka kisuuzwe, kikaushwe na kupakwa rangi ya msingi saa ileile, la sivyo kutu itarudi kabla hujamaliza chai.

Injini, ambayo kila mtu alinitisha nayo, haikunila fedha nyingi. Injini hii ya V6 ina magonjwa mawili yanayojulikana: kwanza, gia ya kuzungushia kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, iliundwa kwa nyuzi zilizogandishwa, na meno yake hukatika bila onyo, pili, kishafti cha pembe sita kinachoendesha pampu ya oili huliwa pembe zake mpaka kikazunguka bure. Gia ya chuma na kishafti kipya niliviagiza kutoka Uingereza. Moshi mweusi ulipoendelea, nilishauriwa na watu wawili ninunue kabureta nyingine, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kumbe Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kabureta iliyopimiwa pwani ya Ulaya hutupatia petroli kupita kiasi. Niliweka jeti mbili ndogo zaidi, yaani vile vitundu vinavyopitisha petroli, plagi zikawa na rangi ya biskuti, dalili kwamba mchanganyiko uko sawa.

Kuhusu breki sitasema mengi zaidi ya kwamba nilizifanya kabla ya injini kunguruma, na kwamba vumbi la breki za enzi hizo huenda likawa na asbestosi, kwa hiyo lisipulizwe kwa hewa bali lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Spea nyingi za kawaida, kama mipira, beringi na hosi, nilizipata Kirinyaga Road kwa kubeba kile cha zamani mkononi na kulinganisha, kwa sababu jina la Capri huwafanya wauzaji wacheke tu.

Leo gari langu lina rangi ya msingi ya kijivu, halina nikeli hata mahali pamoja, na mke wangu hulitumia kwenda sokoni bila malalamiko. Ninawaomba waandishi wa ukurasa wa magari, watakapokwenda tena Ngong, wainue zulia la sakafu na kutupigia picha ya kilicho chini yake. Na ikiwa yuko msomaji aliye na mpira wa kioo cha nyuma cha Capri la kwanza, hata kama umepasuka pembeni, naomba aandike kupitia ukurasa huu.

Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi