Risala ya Klabu ya Midahalo ya Mambo ya Nje kwa Mheshimiwa Balozi, Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Balozi, Mgeni Rasmi wetu. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mkuu wa Shule. Walimu, wajumbe wa bodi, wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni, na karibuni sana.

Kwa niaba ya wanachama 43 wa klabu yetu tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitika mwaliko wetu ukiwa mtu uliyestaafu na mwenye haki ya kupumzika. Tulikuandikia barua tatu, na ya tatu ndiyo iliyojibiwa; tunaamini zile mbili za mwanzo zilipotelea njiani. Turubai ulilokaa chini yake tumeliazima kwa jirani ambaye jioni hii ana kisomo nyumbani kwake, kwa hiyo tutakuwa wafupi mahali panapostahili ufupi.

Historia yetu inastahili ufupi. Klabu ilianzishwa miaka tisa iliyopita na wanafunzi sita pamoja na mwalimu mmoja wa Historia, chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya jiko la shule. Baadaye mwembe ulikatwa, nasi tukahamia ubavuni mwa stoo ya mahindi, ambako tupo hadi leo.

Kuhusu mafanikio, Mheshimiwa, tunayo makubwa. Mwaka jana tulishika nafasi ya pili katika mashindano ya midahalo ya wilaya, na hatuoni sababu ya kutaja hapa idadi ya shule zilizofika. Tumefanya kikao cha mfano cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambapo tulirudia kura ya tarehe 2 Machi 2022 kuhusu vita vya Ukraine, ile iliyopata nchi 141 za kuunga mkono, 5 za kupinga na 35 zilizojizuia kupiga kura, Tanzania ikiwa miongoni mwa hizo 35. Aliyeiwakilisha Tanzania alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, naye alijieleza kwa dakika kumi na mbili kwa nini hakuinua mkono upande wowote. Mwalimu mlezi alisema hajawahi kusikia kujizuia kunakotumia maneno mengi kiasi kile. Aidha, tunayo ramani moja ya dunia, kubwa na nzuri, ingawa bado imeandikwa Zaire, ilhali hali ya hewa ikiwa safi milima ya nchi iliyoacha kuitwa jina hilo tangu 1997 tunaiona ng'ambo ya ziwa bila kuhitaji ramani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mada ya mwaka huu ilikuwa iwapo nchi yetu inaweza kuwa na washirika wa kimkakati walio wakubwa kuliko yenyewe na bado ikabaki na kauli yake. Tuliijadili kwa muhula mzima, na hatukuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Ile reli ya kisasa tunayoisubiri hapa kwetu, kipande chake cha kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora kimejengwa na kampuni ya Uturuki, vichwa vya treni vya umeme vimetoka Korea Kusini, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za China. Wapo waliosema kwamba huko ni kutangatanga. Wengi wetu tuliona kwamba mwenye kujengewa na watu wengi hawezi kuamriwa na mmoja wao kwamba treni yake isimame wapi.

Wazee wetu waliliona hilo mapema. Miaka ya mwanzo ya sabini China ilikuwa ikijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa mkopo usio na riba, na katika miaka hiyohiyo barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa ikijengwa kwa msaada mkubwa wa Marekani, mataifa hayo mawili yakiwa hayana hata mabalozi kwao kwa wao. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaitaka ichukue na misaada yake mingine iliyobaki. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako iliwaacha walowezi wachache wajitangazie uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Upande wa wapinzani katika mdahalo wetu ulikumbusha, na sisi tunakubali, kwamba pauni hizo zilikuwa nyingi na shule ambazo zingejengwa kwazo hazikujengwa. Kuwa na msimamo kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyekaa mezani.

Lakini mfano uliotukaa zaidi ni wa bandari hii unayoiona bondeni, na ndio unaotufikisha kwenye jambo letu la leo. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Wabelgiji wapewe maeneo ya bandari Dar es Salaam na hapa Kigoma, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka na kwa muda usio na mwisho. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1961, Mwalimu alieleza kwamba Uingereza, ambayo ilikuwa msimamizi tu wa Tanganyika, haikuwa na uwezo wa kugawa kipande cha nchi milele, na kwamba Tanganyika huru isingejiona imefungwa na makubaliano hayo. Hakusema mizigo ya majirani isipite. Ilipita, na inapita mpaka sasa. Burundi na Kongo zina balozi zao ndogo mjini hapa, na asubuhi ya leo, Mheshimiwa, huenda umepishana na malori yao. Alichokataa ni lile neno "milele".

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukigeuza uso kidogo kushoto, nyuma ya mabomba ya maji, utaona kuta nne zisizo na paa. Hicho ndicho chumba chetu cha maktaba na midahalo. Kuta zimefika kwenye linta na zimesimama hapo kwa mwaka wa sita. Mawe ya msingi yalibebwa na wazazi, tofali za kuchoma tulizipanga wenyewe tanurini, na saruji ilinunuliwa kwa michango ya kaya ambazo nyingi zinaishi kwa dagaa na migebuka. Ndani yake sasa umeota mchicha pori na mpapai mmoja ambao mwaka huu umezaa. Mbuzi wa jirani hulala humo. Mvua za masika zimekwisha kula sehemu ya juu ya ukuta wa kaskazini kiasi cha kozi mbili, na fundi ametuambia kwamba masika mawili zaidi yatatulazimu kuubomoa tuanze upya. Vitabu vyetu 118 vinakaa kwenye masanduku ndani ya stoo ya mahindi, ambako panya hawabagui baina ya gunia na kamusi.

Tungependa ifahamike kwamba hali hii haitokani na kutokuomba. Mgeni rasmi wa miaka mitano iliyopita, katika uwanja huuhuu, aliahidi mabati hamsini. Makofi yalipigwa, akina mama wakatoka kucheza, naye akapewa dumu la mawese la lita tano na migebuka mikavu iliyofungwa vizuri. Mawese yalifika alikokwenda. Mgeni aliyemfuata alisema jambo letu amelichukua na atalifanyia kazi; akaichukua pia nakala yetu pekee ya risala, na ndiyo sababu siku hizi tunachapa nakala mbili. Wa tatu hakuahidi kitu. Alituambia tuwe na subira, na kati ya wote watatu yeye ndiye aliyetimiza neno lake, kwa maana subira tumekuwa nayo. Tunawashukuru wote kwa moyo wao, na hatuna kinyongo.

Mwaka juzi alitokea mfadhili mwingine, ambaye kwa heshima hatumtaji. Alikuwa tayari kuezeka chumba chote, kuweka dari na milango, na kuleta kompyuta kumi na mbili. Alikuwa na masharti matatu. La kwanza, chumba kiitwe kwa jina lake. La pili, kila mwanzo wa muhula aletewe orodha ya mada zetu aipitie, hasa zinazohusu ziwa. La tatu, yeye na watu wake wakitumie chumba hicho kwa shughuli zao wakati wowote wanapohitaji, bila ukomo wa muda.

Klabu ilikutana kwa saa mbili na nusu. Hatutaki kukudanganya, Mheshimiwa, kwamba jibu lilikuwa rahisi, kwani mvua ilianza katikati ya kikao na sote tuliiona ikiingia chumbani mle. Jina tulilikubali bila ugomvi. Jina ni rangi tu ukutani. Kuhusu shughuli zake tulipendekeza mkataba wa miaka mitano, Jumamosi mbili kwa mwezi, unaoweza kuhuishwa pande zote zikiridhika. Sharti la mada ndilo lililotushinda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zetu nne zinazolizunguka, na miezi hiyo mitatu nusu ya wanachama wetu walikuja shuleni bila kifungua kinywa. Wapo miongoni mwetu wanaotetea kufungwa huko kwa nguvu, wakisema samaki hawana pasipoti, na Tanzania ikivua wakati Kongo, Burundi na Zambia zimepumzisha maji, makubaliano yatakufa. Wapo wanaosema kwamba makubaliano mazuri yalipaswa kuja na chakula. Klabu ya mambo ya nje iliyopo Kigoma ikikatazwa kujadili Ziwa Tanganyika, ijadili bahari ipi?

Ndipo binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye babu yake alikuwa kuli bandarini, aliposimama na kuuliza: mfadhili huyu anatulipa faranga ngapi? Kikao kilicheka, lakini kura zilipopigwa, 31 zilikataa sharti la mada na 7 zilikubali. Tulimwandikia barua ya shukrani ya kurasa mbili, tukieleza tunachokubali na tusichokubali, na kumwomba tuendelee kuzungumza. Hakujibu. Wale saba hawakuwa wajinga, na tunapenda kulisema hilo mbele yao. Kila mvua inaponyesha wanatutazama, nasi tunatazama pembeni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Balozi, ombi letu kwako ni moja. Tungeweza kuorodhesha mengi, yakiwemo kompyuta, jezi za klabu, nauli ya mashindano ya mkoa na nakala ya Sera ya Mambo ya Nje, Toleo la 2024, ambayo tumeisikia redioni tu. Lakini uzoefu umetufundisha kwamba mgeni anayeombwa vitu kumi huondoka akiwa ameahidi kumi na moja. Tunaomba paa. Fundi amepiga hesabu, na karatasi yake tumeiambatisha: mabati 72 ya geji 28, mbao za kenchi, misumari na mifuko sita ya saruji ya kurudishia kozi zilizoliwa na mvua. Ufundi wazazi wamekwisha kuahidi kuulipia, na mchanga upo, ule uliorundikwa karibu na lango. Ukitoa nusu, tutaezeka nusu, na vitabu vitahamia nusu hiyo. Ukitusaidia kufika kwa mtu mwenye nayo, tutakwenda kwa miguu yetu.

Nasi hatutaki kukuficha masharti yetu. Jina lako tutaliandika ukitaka, kwa rangi na maneno utakayochagua. Mada tutazipanga wenyewe. Ikitokea siku moja tukajadili jambo ulilolisimamia ulipokuwa kazini, na tukaliona lilikuwa na kasoro, tutakualika uje utupinge, na nauli tutaitafuta.

Kwenye meza iliyo mbele yako kuna kitabu cha wageni. Ukurasa wa leo tumeuchora tofauti kidogo na kurasa zilizotangulia: baada ya safu ya jina na saini, tumeongeza safu ya ahadi, na baada yake safu ya tarehe ya kutimia. Kalamu ipo ndani ya kitabu, na nyingine ya akiba anayo Mwenyekiti. Zawadi yako, mawese na migebuka kama ilivyo ada yetu, iko tayari jikoni, na tutakukabidhi utakapokuwa umemaliza kuandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama