Asante, mzee wa chekeche wa Muhuwesi

Shikamoo mzee. Jina lako hatukuliuliza, ila asante sana kwa yale uliyotufundisha mtoni Muhuwesi, Tunduru, kuhusu kuchekecha changarawe ili kupata vito. Chekeche la milimita 2 lijazwe changarawe nusu tu. Udongo wa mfinyanzi upondwe kwanza kwa vidole, maana bonge lake hubeba yakuti na kuondoka nayo. Kisha chekeche lizamishwe kwenye maji yaliyotulia, lipande na kushuka kwa mitikiso mifupi, likizungushwa kidogo kidogo. Lisiinamishwe, maana likiinama vito hukimbilia ukingoni. Yakuti ni nzito mara 4 kuliko maji, kwatzi, lile jiwe la kawaida la changarawe, mara 2.65, basi yakuti hushuka chini, katikati. Likipinduliwa ghafla juu ya gunia, kile kiduara cheusi cha mawe mazito hukaa juu kabisa, na macho yaanzie hapo. Mungu akuzidishie afya, mzee wetu.