Hati ya shamba na mafunjo ya Misri

Ann Arbor, Michigan

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na baridi ya huku tuiache. Ujumbe wa Kaka Yohana kuhusu fedha za wakili nimeupata, nazo nitazituma mwisho wa mwezi. Lakini kabla hazijafika naomba nijibiwe: hati ya mauziano ya shamba, niliyoitia mwenyewe katika kopo la bati nikamkabidhi Yohana mkononi, ilifikaje darini jikoni hata ikaliwa na mchwa?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu kazi yangu, ambayo Yohana huiita kusoma makaratasi ya wafu, ndiyo hiyo ya hati. Maktaba ya chuo kikuu hapa ina maandishi ya Kigiriki yaliyoandikwa kwenye mafunjo (karatasi za kale za matete), ambayo Profesa Francis Kelsey alianza kuyanunua Misri mwaka 1920, na mengine yakafukuliwa katika kijiji cha Karanis kuanzia 1924. Humo mna stakabadhi za kodi, mikataba ya ardhi na mashtaka ya majirani. Ukishika moja, imebanwa kati ya vioo viwili, nyuzi zake zimepishana kama ukili, wino ungali mweusi, na maneno yameshikana bila nafasi. Mchanga mkavu umeyatunza mengine miaka 1,800. Hati yetu haikumaliza masika matatu.

Mwambie Padri kwamba zipo hapa karatasi 30 za Nyaraka za Paulo, za karibu mwaka 200 (nyingine ziko Dublin), nami nimeziona kwa macho yangu. Shangazi naye alisikie hilo.

Katika barua za Karanis kuna ya kuruti mmoja, Apollinarius, aliyemwandikia mama yake Taesis kutoka Roma katika karne ya 2: amefika salama, amepangiwa Misenum, bandari ya wanamaji wa Kirumi huko Italia, naye mama asihangaike, kwani amefika mahali pazuri. Mama, hayo si ndiyo niliyokuandikia mimi wiki ya kwanza? Siku ile sikuwa nimekula.

Basi, mabaki ya hati yasitupwe hata kidogo. Yohana asiyagundishe kwa gundi. Ayapange ndani ya kitabu kikavu, ayapige picha pande zote mbili, anitumie. Hasa kile kipande chenye mhuri wa kijiji.

Mwanao,
Daudi