Kocha apewe muda jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hili la kufukuza makocha maana linaniuma kwa kweli. Juzi kwenye daladala ya Mbagala watu wanabishana, timu imetoka sare mbili tu wanataka kocha aondoke, nikamkumbuka Bill Walsh, aliyekuwa kocha wa San Francisco 49ers, wale wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa helmeti.

Huyu mzee alianza 1979, msimu wa kwanza kashinda mechi 2 kapoteza 14, wa pili kashinda 6 kapoteza 10, hapa kwetu angeshafukuzwa zamani, ila wenzetu walimwacha na msimu wa 1981 akabeba Super Bowl, ndo fainali yao kubwa, na mpaka anastaafu alikuwa nazo 3. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuwa anaanza na ushindi, alianza na namna kazi inavyofanywa, kila mtu pale klabuni alipewa kiwango chake, mpaka wa mapokezi aliambiwa simu inapokelewaje, akiamini mkifanya yenu sawasawa matokeo yatakuja yenyewe.

Timu yetu ya mtaani tulibadilisha makocha watatu msimu mmoja, na mimi nilikuwepo kwenye kamati nikanyoosha mkono. Vijana wakawa hawajui wamsikilize nani, wawili wakaacha mpira kabisa. Sasa tumepata kocha mpya na kikao cha Jumapili naenda kuomba tumpe miaka miwili.

Mdau wa michezo,
Temeke, Dar es Salaam