Mdogo wangu, hiyo DUKW ni boti kabla ya kuwa lori

Mdogo wangu mpendwa,

Michoro yako ya modeli ya DUKW, lile lori la kijeshi linaloelea, ya kuongozwa kwa redio, nimeitazama yote. Umehesabu hadi skurubu za vifuniko vya sitaha, lakini hakuna mahali ulipoandika uzito. Anzia hapo. Lori hili la Marekani la 1942 lilichukua mitambo ya lori la GMC la magurudumu sita yote yanayovuta, likavikwa bodi ya boti; yalitengenezwa zaidi ya 21,000. Wewe ukiunda lori kwanza ndipo utafute namna ya kulifanya lielee, litabaki chini ya ziwa. Unda boti, kisha uipe magurudumu.

Kipimo cha 1:12, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya lori halisi, kinakufaa. Lenyewe lina urefu wa mita 9.45 na upana wa mita 2.51, lako litakuwa sentimita 79 kwa 21. Ila uzito haugawanywi kwa 12. Unagawanywa kwa 12 × 12 × 12, yaani 1,728, kwa sababu maji yanabeba ujazo, hayabebi urefu. Tani 6.2 za lori tupu zinakuwa kilo 3.6, na mzigo wake wa tani 2.3 unakuwa kilo 1.3. Jumla kilo 4.9, na hapo ndipo mwisho. Nunua mzani wa jikoni kabla ya mota, na kila kipande kipime kabla ya kukibandika.

Kwa bodi, waombe watengeneza mabango mabaki ya ubao mwepesi wa PVC wa milimita 3. Sugua pande zote mbili kwa msasa namba 120, la sivyo epoksi itabanduka kama ganda. Viungo vya ndani vifunike kwa utepe wa kitambaa cha nyuzi za kioo wenye upana wa sentimita 3, uliolowa epoksi. Kole (gundi) ya mabomba iache: inalainisha ubao mwembamba na bodi inapinda usiku kucha. Rezini ya polyesta nayo usiilete karibu na frigoliti, lile povu jeupe la vifungashio, inaiyeyusha. Na frigoliti unaihitaji: jaza lita 2 puani na ubavuni, ili maji yakiingia chombo kibaki juu.

Sasa matundu, maana hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika. Ekseli tatu zinaning'inia nje, chini ya bodi, kwa hiyo shafti zake tatu zinapita ukutani. Ongeza propela, usukani wa majini, na fimbo ya kugeuza magurudumu ya mbele: matundu sita, mengi yakiwa chini ya mstari wa maji. Kila shafti ya milimita 4 ipite ndani ya bomba la shaba nyeupe lenye urefu wa sentimita 6 au zaidi, lililojazwa grisi nzito, na beringi yenye vizibo vya mpira kila mwisho. Bomba fupi halishiki grisi. Shafti ikiwa imepinda hata kidogo, inapanua kizibo na maji yanafuata; iviringishe juu ya kioo kwanza, ukiona mwanga unapenya katikati, itupe. Fimbo ya magurudumu haizunguki, inakwenda na kurudi, kwa hiyo grisi peke yake haitoshi: ivalishe mkono wa mpira wa ndani wa baiskeli, ufungwe kwa waya pande zote mbili, ukiwa na ulegevu wa kutosha.

Matairi ya sentimita 9 hivi yanatosha. Yanayouzwa huwa na sponji ndani na tundu dogo kwenye rimu. Sponji inanyonya maji, na matairi sita yaliyolowa yanakula mzigo wako wote. Toa sponji, weka povu lisilonyonya, ziba tundu kwa silikoni.

Tumia mota mbili: ya ukubwa wa 540 yenye gia za kupunguza kasi kwa magurudumu, na ndogo ya 380 kwa propela ya milimita 50, kila moja na kidhibiti chake. Betri iwe ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli tatu, ilale chini kabisa katikati. Seli za kompyuta kuukuu hazifai hapa; magurudumu yakikwama kwenye matope voltu zinaanguka na risiva, yaani kipokezi cha redio, inazimika. Antena ikae juu ya mstari wa maji, kwani mawimbi ya 2.4 GHz hayapenyi majini. Kwenye lori halisi usukani mmoja uligeuza magurudumu na usukani wa majini kwa pamoja. Wewe weka servo mbili, vile vimota vya kugeuzia, kwenye chaneli moja ya redio. Pampu ya kuoshea kioo cha gari, ambayo utaipata kwa wauza spea, inatoa maji vizuri kwa betri hiyo hiyo.

Usitafute mbio. Kilomita 10 kwa saa za lori halisi majini, kwa kipimo chako, ni karibu 3, maana kasi majini inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12, si kwa 12. Ukiongeza nguvu, pua inachimba na maji yanapanda sitaha. Ule ubao wa mbele wa kukinga mawimbi uuweke uweze kusimama kweli, si wa urembo.

Jaribio la kwanza ni kwenye beseni, kabla sitaha haijabandikwa, na mifuko ya mchanga ndani. Liache saa nzima, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila tundu. Ziwani nenda asubuhi, maji yakiwa bado yametulia, ukiwa umefunga mshipi wa kuvulia nyuma. Chagua pwani safi: mifuko ya plastiki ile ile inayosumbua bwawa la umeme la Ruzizi inajisokota kwenye propela, na propela hii iko ndani ya handaki chini ya bodi, ambamo kidole hakifiki. Acha kifuniko cha skurubu nne juu yake, chenye gasketi. Na usilijaribu karibu na bandari wala walipo askari. Kitu chenye rangi ya jeshi na antena kinaweza kukuletea matatizo makubwa.

Rangi ya kijani tutaizungumzia baadaye. Nitumie kwanza uzito wa bodi tupu. Ukizidi gramu 900, usibandike chochote mpaka tuongee.

Yaya yako,
Bukavu